Mkazo na Mahali Pake

Neno barabara ni maneno mawili. Mkazo ukiangukia silabi ya pili kutoka mwisho, tunapata njia ipitayo magari. Ukirudi nyuma silabi moja, tunapata maana ya sawasawa, bila kasoro. Herufi ni zile zile. Kilichohama ni mkazo tu.

Nilifundisha Fizikia na Kiswahili katika sekondari moja chini ya Mlima Meru. Asubuhi wanafunzi walikariri kwa Kiingereza kwamba mkazo ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo. Mchana tulijadili mkazo wa maneno. Watoto walikuwa wale wale, lakini masomo hayo mawili hayakuwahi kusalimiana. Siku moja binti wa kidato cha tatu, aliyenunuliwa saa ya mkono karibu na Mnara wa Saa, aliniuliza, "Mwalimu, jiwe lililomo ndani linaijuaje sekunde?"

Nilimjibu kwa Kiswahili. Fuwele ya kwatzi ikibanwa hutoa umeme. Jambo hilo lilibainishwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Nayo ikipewa umeme hutetema. Ya saa huchongwa mfano wa uma wenye meno mawili, na hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo hugawanywa kwa mbili mara 15, ikabaki moja: ndiyo sekunde. Mtetemo mmoja tu ukizidi katika kila sekunde, saa hutangulia zaidi ya dakika moja kwa mwezi. Kwa hiyo uma huo hushikwa shinani tu, ndani ya kikopo kisicho na hewa, meno yake yakiachwa huru.

Nikamweleza pia vibati vya fuwele vya duara vitumikavyo katika redio. Ukivibana ukingoni kwa nguvu ile ile, upande mmoja mtetemo huongezeka, upande mwingine hupungua, na baina yake ipo pembe ambapo mbano haubadilishi takriban chochote. Mtengenezaji hodari hukishikia hapo.

Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi ni kama barabara na barabara, mwalimu. Si ukubwa wa mkazo tu, ni mahali unapoangukia."

Darasa zima lilielewa. Muhula ulipokwisha walifanya mtihani wa Fizikia, kwa Kiingereza, na jibu lile halikuwa na mahali pa kuandikwa.