Wananchi Wenye Hasira Kali

Manzese ya utotoni mwangu ilikuwa na kelele mbili za kuwatoa watu wote nje kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa "Maji yametoka!", maana bomba la mtaa wetu lilikauka wiki nzima kisha likatiririka saa nane ya usiku, kama linaloona haya. Ya pili ilikuwa "Mwizi!" Kwa ile ya kwanza ulitoka na ndoo. Kwa ya pili ulitoka na chochote ulichokikuta mlangoni.

Mwaka 1993 nilikuwa darasa la tano. Tulipanga Midizini, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani. Mama alikaanga vitumbua alfajiri, na mchana akatandaza mitumba juu ya turubai kando ya Barabara ya Morogoro. Jumamosi moja, adhuhuri imeshapita, kelele ya pili ilisikika upande wa barabarani. Kijana mmoja alikuwa amechomoa suruali ya jinzi kwenye meza ya muuzaji, akatimua mbio. Alikata kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu akaingia uchochoro wa nyuma ya nyumba yetu, ambao haukuwa na pa kutokea. Hapo ndipo watu walipojua kwamba hakuwa mtoto wa Manzese.

Yaliyofuata siyaelezi yote. Nitasema langu tu. Niliokota kipande cha tofali, nikapenya katikati ya miguu ya watu wazima, nikarusha. Sijui kama kilimpata. Fundi cherehani wa jirani, mtu mpole aliyenishonea kaptula za shule kwa mkopo, ndiye aliyekuja na dumu la mafuta ya taa.

Ninachokikumbuka zaidi ni jioni yake. Mtaa ulichangamka kama sikukuu. Akina mama wawili waliokuwa hawasalimiani tangu Ramadhani, kwa ugomvi wa mtaro wa maji machafu, walisimama bega kwa bega wakisimuliana walivyokuwa wamekaa yule kijana alipopita. Mama alinituma nipeleke bakuli la maharage kwa fundi. Polisi walikuja kuuchukua mwili, wakauliza nani kafanya, wakajibiwa: wananchi. Wakaandika hivyo. Suruali ilirudi mezani, na wiki haikuisha ilikuwa imeshanunuliwa.

Nyumbani kwetu tulikuwa na elimu yetu ya uhalifu, tena iliyokamilika. Bibi alisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba alisema mwizi hujulikana kwa macho: mekundu, hayatulii. Mama alisema ni bangi na kukosa malezi. Mimi niliyachanganya yote matatu, nikaenda nayo shule ya msingi, sekondari, hadi Mlimani.

Nilifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuchukua sosholojia kwa sababu ya kawaida tu: sheria hawakunipa. Mwaka wa tatu, msimu wa 2007 kuelekea 2008, nikaandikisha kozi ya kriminolojia nikidhani nitafundishwa jinsi ya kuwakamata wahalifu. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo aliyezungumza taratibu, na kama wote pale alifundisha kwa Kiingereza. Siku ya kwanza alitugawia nakala ya kipande cha gazeti, habari ya aya tatu. Kijana anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka 20 amefariki dunia baada ya kushambuliwa na wananchi wenye hasira kali kwa tuhuma za kuiba kuku. Akatuuliza, safari hii kwa Kiswahili: "Katika habari hii, uhalifu uko wapi?"

Tulijibu kwa pamoja, karibu kwa kuimba: wizi wa kuku.

Akangoja. Alikuwa na kipaji cha kungoja. Feni ilizunguka, mtu akakohoa, na kutoka nyuma kabisa binti mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, lakini kuna mtu kauawa." Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimesikia harufu ya mafuta ya taa.

Mwalimu hakutuhubiria. Alitutaka tuisome upya habari ile, tutafute mtenda ni nani. Kuku aliibwa na kijana. Kijana alishambuliwa na "wananchi". Neno linalotumika kwenye hotuba na kwenye sherehe za Uhuru, ndilo lililobeba mauaji. Hasira nayo imepewa sifa, kali, kama dawa au pilipili, ili msomaji aone kwamba kilichoua ni hasira, watu walikuwepo tu. Tangu siku ile siwezi kusoma sentensi hiyo bila kuhesabu watu waliofichwa ndani yake. Na katika habari ya 1993, kama iliandikwa, mmoja wao nilikuwa mimi.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kubomolewa nyumba. Wa kwanza kubomolewa alikuwa baba na macho yake mekundu, na aliyembomoa ni daktari wa Kiitalia, Cesare Lombroso, bila kukusudia. Mwaka 1876 alichapisha kitabu akidai mhalifu huzaliwa hivyo, na kwamba hutambulikana kwa umbo la fuvu, taya na masikio. Alipima wafungwa na maiti za wafungwa. Nilipofika hapo nikafunga kitabu: alipima waliokamatwa! Baba naye macho mekundu aliyoyajua yalikuwa ya watu waliokwisha kukimbizwa na kupigwa. Mwaka 1913 Mwingereza Charles Goring alichapisha vipimo vya wafungwa wapatao 3,000 pamoja na watu wasio wafungwa, na lile umbo la mhalifu hakuliona. Ilichukua Ulaya karibu miaka 40 kupata jawabu hilo. Kwetu Midizini bado hatujaanza kupima.

Aliyenishika koo hasa ni Mfaransa Émile Durkheim. Katika kitabu chake cha 1893 anasema adhabu kazi yake kubwa haiko kwa mhalifu; iko kwa watu wema, inawaunganisha, inawakumbusha kwamba wao ni kitu kimoja. Nilisoma ukurasa ule maktabani, nikaiona jioni yetu. Bakuli la maharage. Wale mama wawili wa mtaroni. Kwa miaka 15 nilikuwa nimejiuliza kwa nini siku mbaya kuliko zote ilikuwa pia siku tuliyopendana kuliko zote, na nilikuwa nimelificha swali hilo nikiona ni la kishetani. Kumbe kuna mtu aliyelishughulikia mwaka ambao Dar es Salaam ilikuwa bado mji mdogo wa Wajerumani. Sikupata faraja, ila nilipata jina la kitu.

Halafu ikaja Januari 2008. Ikulu ilitangaza matokeo ya ukaguzi wa akaunti ya madeni ya nje pale Benki Kuu, ile iliyojulikana nchi nzima kwa herufi tatu, EPA. Zaidi ya shilingi bilioni 133 zilikuwa zimelipwa isivyo halali kwa kampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06. Wiki zile hakuna aliyejadili mpira kafeteria. Nasi darasani tulikuwa tumefika kwa Mmarekani Edwin Sutherland, aliyesimama mbele ya wanasosholojia wenzake mjini Philadelphia Desemba 1939 na kuwaambia kwamba nadharia zao za umaskini na familia zilizovunjika zimejengwa kwa kuwatazama maskini tu, kwa sababu wenye ofisi wakiiba hawaonekani kwenye takwimu za magereza. Kitabu chake kilipotoka 1949, mchapishaji alilazimisha majina ya kampuni kubwa yafutwe, akihofia kushtakiwa. Toleo lenye majina lilitoka 1983, yeye mwenyewe akiwa kaburini miaka 33.

Siku moja mwalimu alituachia ubao, tuandike maneno yote ya Kiswahili ya mtu anayechukua kisicho chake. Upande mmoja ulijaa haraka: mwizi, kibaka, mdokozi, mwivi, jambazi, mchomoaji. Upande wa pili tulisitasita. Fisadi, ndiyo, neno lililokuwa moto tangu mwaka uliotangulia. Baada ya hapo tukaanza kucheka wenyewe: mlaji, mjanja, amejipatia, amekula. Mtu akipewa cheo chenye fedha tunasema amepata ulaji, na tunampongeza. Kibaka haambiwi amekula suruali. Lugha yetu tamu, ya vina na mizani, ilikuwa imeandaa meza mbili, moja ya kupigia na nyingine ya kulia. Mwaka huo huo waliochota fedha za EPA walipewa tarehe ya mwisho ya kurudisha. Wengine walirudisha, na Novemba baadhi wakafikishwa mahakamani, wakiwa na mawakili wao. Sisemi wangechomwa. Nasema yule wa uchochoroni hakuulizwa kama yuko tayari kurudisha suruali.

Kwa mazoezi ya utafiti nilirudi Midizini na hojaji, kalamu mbili na shati la kupiga pasi. Nikaona mambo ambayo vitabu vilitabiri: karibu kila mlango ulikuwa umeibiwa, na wachache sana walikwenda kuripoti. "Nikaripoti ili iweje, kaka?" Nikaona na ambayo hojaji yangu haikuyatabiri. Dada mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na kupigwa na mume mnaandika, au mnaandika redio tu?" Nilitazama karatasi. Hapakuwa na kisanduku chake. Nilimwandika pembeni, kwa penseli.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama yangu. Nilimsomea Durkheim kwa Kiswahili changu, nikamweleza Sutherland, nikafika mahali pa kusema kwamba mwizi ni zao la jamii. Alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza, "Mwanangu, huyo Mzungu wako aliwahi kuibiwa mtaji?" Nikanyamaza. "Mimi niliibiwa turubai na vilivyokuwa juu yake, mara mbili. Mkalala na chai ya rangi. Hapa Midizini maskini tulikuwa wote. Mbona sikuiba mimi?" Hilo kriminolojia hainijibu vizuri mpaka leo. Nadharia zake nyingi ni hodari kumweleza anayeiba, lakini maelfu wanaoshinda njaa karibu na meza ya mitumba bila kunyoosha mkono zinawapita haraka haraka. Mama alikuwa ametoboa tundu kwenye shahada yangu kabla sijaipata.

Ila na yeye nilimpata mahali. Nilimkumbusha mjomba. Mwaka 1983, wakati wa kampeni ya serikali iliyoitwa Nguvu Kazi, mjomba alikuwa anauza karanga kwa vikoni pale Kariakoo. Hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba ana kazi, akapakiwa kwenye lori kama mzururaji na kupelekwa kulima. Baada ya wiki chache alirudi kwa miguu na kwa lifti, akaendelea na karanga. "Mjomba alikuwa mhalifu?" Mama akakasirika kweli: mjomba hakuwahi kugusa cha mtu! Nikamwambia kwamba Kanuni za Adhabu tulizorithi kwa mkoloni, za 1945, katika vifungu vya 176 na 177, zinamtia hatiani mtu kwa kuzurura tu, na kwamba shina lake ni sheria ya Uingereza ya 1824, iliyotungwa kwa ajili ya maskini wa huko. Uhalifu wa mjomba uliandikwa London kabla babu yake hajazaliwa. Mama alichambua mchele kimya kwa muda. "Basi," akasema, "hao nao wezi." (Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika. Nilimpigia simu kumwambia. Alishasahau mazungumzo, ila alifurahi kwa ajili ya kaka yake.)

Jioni ile ya hojaji, kabla sijaondoka, nilimuuliza mama yule kijana wa suruali aliitwa nani. Alisema hakujulikana. Nikauliza kama fundi cherehani aliwahi kuitwa mahali popote kuhojiwa. Akanishangaa: ahojiwe kwa lipi? Fundi alikuwa ameshafariki, na mtaa mzima ulimzika.

Nimefundisha somo hili kwa miaka kadhaa sasa, na kila mwaka huanza kwa kipande kile kile cha gazeti. Kila mwaka darasa hujibu kuku. Wanafunzi wakija ofisini kuuliza kilichonivuta kwenye kriminolojia, huwa nawaambia kwamba sheria hawakunipa, nao hucheka.

Kuna kifungu kingine ambacho sikuwahi kumsomea mama. Ni cha 15, katika Kanuni za Adhabu hizo hizo. Kinasema mtoto aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kwa tendo lake, isipokuwa ithibitishwe kwamba wakati analitenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kulitenda. Jumamosi ile nilikuwa na miaka 11 na miezi minne. Kabla ya kurusha niligeuka kutazama kama mama ananiona.