Silinda ya Tatu

Asembo Bay wengi wananijua kwa mashini za boti, na kweli hizo ndizo zilizowasomesha wanangu. Lakini kazi iliyonikaa rohoni ni Volkswagen, ile ya injini nyuma, isiyo na rejeta wala tone la maji. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1962, na miaka mingi baadaye nilikuwa bado nawatengenezea walimu wa Rarieda.

Kuitoa injini si kazi: inashikwa na boliti nne tu. Kazi ni kuifungua juu. Silinda nne zimelala mbili mbili, kila moja kipande chake, imezungukwa na mapezi ya kupitisha hewa. Ukivua vichwa, tazama kwanza silinda ya tatu. Kabla ya modeli za 1971, kifaa cha kupooza oili kilikaa ndani ya kasha la feni, juu yake, kwa hiyo hewa iliifikia ikiwa imeshapata moto. Valvu yake ya ekzosi ndiyo huungua mapema.

Mwalimu mmoja aliniletea 1300 inayomis. Valvu ya tatu ilikuwa imelika ukingoni, pengo la ukubwa wa ukucha. Kuungua huko nilikutegemea. Kilichoniudhi ni mapezi. Vumbi la barabara ya Bondo lilikuwa limekandwa na oili likayaziba kabisa, na mabati ya kuelekeza hewa chini ya silinda hayakuwepo. Kuna fundi aliyeyaona ni mzigo akayaacha nje.

Tulichokonoa uchafu kwa spoku za baiskeli na mafuta ya taa. Vichwa vilikwenda Kisumu kubadilishwa viti vya valvu; viliporudi, nikazisaga valvu kwa mkono hadi kila moja ikaacha duara la kijivu lisilokatika. Mishale ya pistoni ikatazama flaiwili. Paipu za pushrodi huvutwa kwanza zifikie milimita 190, la sivyo zitavuja oili kabla gari halijafika Ndori. Nati za vichwa nilizikaza kwa paundi 7, kisha 23, nikivuka upande hadi upande. Tapeti nilizipima asubuhi, injini ikiwa imelala baridi, nikaziachia inchi 0.006.

Mabati niliyakata mwenyewe kutoka kwa pipa kuukuu.

“Fundi, valvu na ringi naelewa,” mwalimu alisema akisoma bili. “Haya mabati nayo ni ya nini? Gari lilikuwa linakwenda bila hayo.”

“Lilikuwa linakwenda kuungua, mwalimu.”

Valvu alilipia siku hiyo hiyo. Mabati yalingoja mshahara wa mwisho wa mwezi.