Barua kwa Mpwa Aliyebandua Picha

Majengo, Mombasa
Novemba 2025

Mpwa wangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo, ila joto halijatuonea huruma na goti langu la kulia limeanza tena ukorofi wake. Mamako amenieleza kwa simu kwamba umeibandua picha ya Ruth Chepng'etich ukutani, ukaikunja na kuisukuma uvunguni mwa kitanda, na kwamba tangu siku hiyo huamki tena alfajiri kwenda kukimbia. Ameniomba nikuandikie maneno ya kiutu uzima. Maneno hayo sina. Nina kisa cha mkimbiaji mmoja, na nina aibu yangu mwenyewe ambayo hata mamako hajapata kuisikia. Ukishasoma, mpe naye asome. Nimechoka kuificha.

Naikumbuka vizuri jioni ile ya tarehe 13 Oktoba 2024. Magharibi ilikuwa bado, nami natafuta kofia yangu, simu ikalia. Ulikuwa unapiga kelele hata sikuelewa neno. "Mjomba, chini ya mbili na kumi! Chini ya mbili na kumi!" Nikadhani ni bei ya kitu. Kumbe binti wa Kenya amekimbia marathoni huko Chicago kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya saa 2 na dakika 10, na amekata karibu dakika mbili nzima kutoka kwenye rekodi ya Tigist Assefa wa Ethiopia. Nilifurahi kwa sababu ulifurahi. Kisha mwaka huu ikaja habari ya sampuli ya mkojo wake, iliyochukuliwa mwezi Machi na kukutwa na dawa iliyokatazwa, na mwezi uliopita amefungiwa miaka mitatu. Maelezo yake yalibadilika njiani, mwishowe akakiri. Rekodi ya Chicago imeachwa ibaki, maana ilitangulia sampuli ile.

Hiyo dawa yenyewe, hidroklorothiazidi, naijua. Daktari wangu wa presha aliniandikia miaka sita iliyopita. Ni dawa ya kukojoza, basi. Wanariadha wamekatazwa kwa sababu mkojo ukiwa mwingi huweza kuosha alama za dawa nyingine mwilini. Mimi nameza kidonge kila asubuhi na sijapata kumpita hata kobe. Sisemi hivyo kumtetea. Sheria aliijua, na waliokimbia nyuma yake nao wana mama zao. Nasema tu kwamba nilipokitazama kidonge changu kiganjani asubuhi ile nilikuona wewe na ile picha yako, nikamkumbuka mtu wa zamani.

Mwaka 1978 nilikuwa karani wa posta Eldoret, kijana wa pwani aliyevaa sweta mbili na bado akitetemeka. Kule nilijifunza kupenda riadha, kwa kuwa hapakuwa na jingine la kuzungumza na watu. Kila mtu alikuwa na habari za Kipchoge Keino, aliyewatimulia vumbi Wamarekani Mexico mwaka 1968. Basi Aprili ile Sauti ya Kenya ikataja jina la mtu wa Nandi, Henry Rono, aliyekuwa akisoma katika chuo kikuu cha jimbo la Washington, Marekani. Tarehe 8 Aprili alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 huko Berkeley. Tukapiga makofi. Tarehe 13 Mei, Seattle, akavunja ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Tarehe 11 Juni, Vienna, mita 10,000, dakika 27 na sekunde 22 na kitu. Tarehe 27 Juni, Oslo, mita 3,000. Rekodi nne za dunia, masafa manne, siku 81. Zingatia hapo, mwanangu. Siku 81 hazifiki hata miezi mitatu. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na sijaona mwingine aliyefanya vile.

Na huyu alikuwa mtoto aliyeumia mguu kwenye baiskeli akiwa mdogo sana, hata hakutembea sawasawa mpaka alipokaribia umri wa kwenda shule.

Nilikata picha yake gazetini, nikaibandika kwa uji wa ngano ndani ya kifuniko cha sanduku langu la bati. Agosti akachukua dhahabu mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton. Siku kumi hivi baadaye Mzee Kenyatta akafariki, hapa hapa Mombasa, na nchi nzima ikasahau mbio.

Olimpiki hakuwahi kukimbia hata moja. Mwaka 1976 Kenya iliungana na nchi nyingine za Afrika kususia Montreal, kwa sababu New Zealand, iliyopeleka timu ya raga kucheza Afrika Kusini ya makaburu, iliruhusiwa kushiriki. Mwaka 1980 tukaisusia Moscow pamoja na Wamarekani kwa ajili ya Afghanistan. Ya kwanza ilikuwa na haki yake, nami niliiunga mkono. Ya pili mpaka leo sijaielewa ilituhusu nini. Vyovyote iwavyo, milango miwili ya maisha ilifungwa na watu ambao hawakuwahi kufunga kamba za viatu vya mbio.

Pombe ilikuwa imeshaingia. Septemba 1981, huko Knarvik, Norway, akiwa ameshaongezeka uzito, alivunja tena rekodi yake ya mita 5,000, na mwenyewe alisimulia baadaye kwamba usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amelewa. Asubuhi akatoka kukimbia mpaka jasho likautoa ulevi. Watu husimulia kisa hiki wakicheka. Mimi nami nilicheka niliposikia mara ya kwanza. Siku hizi kinanitia baridi. Mwili ule ulikuwa unalipa madeni mawili kwa wakati mmoja, na kila aliyeuona ukilipa alishangilia.

Baada ya hapo magazeti yakamwacha. Fedha zikaenda. Mwaka 1986 alikamatwa Marekani, akawekwa ndani kwa kosa ambalo hakulifanya, amefananishwa na mtu mwingine. Alilala katika makazi ya watu wasio na nyumba. Alifanya kazi za kuegesha magari, na huko Albuquerque akabeba mizigo ya wasafiri uwanja wa ndege. Fikiria umeshuka kwenye ndege, umempa begi lako mtu aliyewahi kushika rekodi nne za dunia, ukamtilia dola moja mkononi, ukaenda zako.

Wengi wakifika hapa hutikisa kichwa, husema "maskini", kisha hufunga kitabu. Mimi nakuandikia kwa sababu ya hapa. Kutoka zile siku 81 hadi alipofariki ni zaidi ya miaka 45. Magazeti huziita siku zile kupanda na miaka yote iliyobaki huiita kuanguka, kana kwamba mtu anaweza kuanguka miaka 45 bila kufika chini. Alifika chini, akainuka. Aliacha pombe. Alifundisha vijana kukimbia. Alianza tena kukimbia mwenyewe, tumbo na mvi zikiwemo, akaandika kitabu cha maisha yake bila kujificha, na mwaka 2019 akarudi nyumbani Kenya. Kuacha pombe baada ya miaka ile, kila asubuhi upya, hakuna uwanja wala saa ya kupimia wala kijana karani wa posta mwenye mkasi. Mimi siku hizi, nikiulizwa ni mbio gani kubwa aliyokimbia Rono, siitaji Oslo.

Alifariki Nairobi tarehe 15 Februari 2024, siku tatu baada ya kutimiza miaka 72. Utaikumbuka wiki ile kwa sababu nyingine. Siku nne kabla yake Kelvin Kiptum, aliyekuwa akishikilia wakati ule rekodi ya dunia ya marathoni ya wanaume, miaka 24 tu, alikuwa amekufa kwa ajali ya gari njia ya Kaptagat pamoja na kocha wake. Nchi ililia, na ilikuwa haki kulia. Habari ya Rono ilipita chini ya ile nyingine kama maji chini ya mkeka. Nilikwenda kulifungua sanduku la bati. Picha ilikuwa imeliwa na mende kuanzia miguuni.

Sasa aibu yangu.

Nilipohamishiwa Mombasa, mtaani kwetu palikuwa na winga mmoja. Jina lake sikutajii hapa, utaelewa kwa nini. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na akili yake binafsi. Jumapili Uwanja wa Manispaa ulikuwa ukijaa, na akipata mpira upande wa jukwaa tulilokaa sisi, wazee walisimama kabla hajafanya kitu. Mechi ikiisha tulimbeba mabegani mpaka mangweni. Wajua mimi sinywi. Lakini nilikuwa na mshahara wa serikali, na kumnunulia mnazi ilikuwa njia ya kukaa karibu naye, mkono wangu begani pake, watu wapitao waone. Chupa baada ya chupa. Akisema amechoka anataka kwenda kulala, mimi nisiyekunywa ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema, "Moja ya mwisho, bingwa."

Umefundishwa shuleni kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Miaka yote mwalimu humlaumu mgema. Hebu niulizie: waliokuwa wakimsifu walikuwa nani, na walitaka nini kwake?

Goti lilivunjika msimu wa tatu. Mara ya kwanza tulikwenda hospitali kundi zima na machungwa. Mara ya pili tulikwenda wanne. Sikumbuki mara ya tatu. Baada ya mwaka na nusu hivi nilikuwa soko la Kongowea kununua viazi, nikamwona anashusha magunia kutoka kwenye lori, amefunga kiuno kwa kitambaa cha kanga. Aliniona. Mkono ukaanza kuinuka. Nami nikatazama saa yangu, ewe mtoto, saa ambayo ilikuwa imekufa wiki nzima, nikavuka upande wa pili kama mtu aliyechelewa.

Alipata shida nyingi ambazo si zangu kuzisimulia. Alitoka. Unamfahamu. Ndiye yule mzee wa madafu unayemwita Babu Kofia, aliyekufundisha kuchagua dafu kwa kulitikisa. Umekunywa madafu yake tangu una miaka minane, na siku zote umempita ukikimbilia nyumbani kutazama mashujaa kwenye televisheni. Mimi ndiye ningepaswa kukuambia. Siku niliyokwenda kumwomba radhi aliniuliza habari za marehemu mama yangu, akanipasulia dafu, akakataa pesa. Kuhusu mpira hakusema kitu. Kuhusu saa pia. Nami Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba hakusema.

Kuhusu picha yako, basi. Mamako anataka nikwambie uirudishe au uitupe. Sikwambii lolote kati ya hayo. Nakushauri uitoe uvunguni, uinyooshe, na nyuma yake uandike kwa kalamu ya wino: Chicago, 13/10/2024, na chini yake: Oktoba 2025, miaka mitatu. Yote mawili, kwa mwandiko uleule. Mimi kosa langu kwa Rono halikuwa kumpenda. Nilimkata kwenye gazeti la mwezi mmoja nikataka abaki humo maisha yake yote, na alipotoka nikamwona amenisaliti. Hakunijua hata jina. Binti huyu naye ana miaka zaidi ya thelathini, na miaka mitatu hii ataishi mahali fulani, ataamka, atapika chai, atakutana sokoni na watu waliokuwa wakimbeba. Sijui watatazama saa ngapi.

Kama umechukia udanganyifu, umefanya vizuri, chukia. Lakini miguu iliyokuwa ikiamka alfajiri ilikuwa yako. Kwa nini umeifungia na wewe, na hakuna sampuli iliyopatikana kwako?

Nikirudi kwenye mambo ya nyumbani: shangazi yako anakutumia achari ya ndimu, iko kwa kaka yako, imefungwa mara tatu ili isimwagike kama ya mwaka jana. Likizo ya Desemba ukija, shukia kituo cha Mwembe Tayari, usikubali dereva akushushe Changamwe. Nimemwambia Babu Kofia kwamba unakuja. Alitaka kujua kama bado unakimbia. Nilimjibu kwamba hilo aulize mwenyewe, akacheka, akasema atakuwekea mawili ya kutikisika.

Wasalaam,
Mjomba wako

Picha ya Rono, iliyobaki kuanzia kiunoni kwenda juu, nimeitia ndani ya bahasha hii. Usiigundishe popote.