Maandishi Hayahami

Akaunti ya dada ilifungwa miezi saba baada ya kumzika. Mtandao wenyewe, mmojawapo wa ile mikubwa, ulisema amekiuka kanuni. Kanuni gani, hawakusema. Marehemu akiuke nini? Tukajaza fomu ya rufaa, likaja jibu la mashine, kisha kimya. Picha zake, utani wake na watu wasiojuana, mashairi aliyoyaandika usiku akiwa zamu wodini, vyote vilikuwa mle.

Ndipo nikaanza kusoma habari za Mastodon, iliyoanzishwa Ujerumani na Eugen Rochko mwaka 2016. Haina mwenye mtandao mmoja. Zipo seva maelfu, kila moja na msimamizi wake na kanuni zake, nazo huelewana kwa itifaki iitwayo ActivityPub, ambayo shirika la W3C liliipitisha kuwa kiwango mwaka 2018. Ni kama simu: mwenye laini ya Airtel humpigia wa Vodacom bila kuuliza mnara ni wa nani. Kwenye mitandao mikubwa wote tumo ndani ya ua mmoja, na ufunguo anao mwenye ua. Elon Musk alipoinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, waliomo walinunuliwa pamoja nayo.

Lakini mfano wa simu una mwisho wake, na hapo ndipo ninapobishana na wapenzi wa teknolojia hii. Tanzania, tangu 2017, unaweza kuhama kampuni ya simu ukabaki na namba yako ile ile. Ukihama seva ya Mastodon, anwani inabadilika. Wafuasi wanakufuata, maandishi yanabaki ulikotoka. Unaweza kuyapakua ukayatunza, ila hayahamii nawe kwenye akaunti mpya. Tena seva nyingi huendeshwa na mtu mmoja kwa michango ya watu, na akichoka anazima. (Muungwana hutoa taarifa mapema.) Kwa hiyo sijidanganyi kwamba mashairi ya dada yangekuwa salama zaidi huko. Ila msimamizi ni mtu. Ningemwandikia, akanijibu, hata kama jibu ni hapana.

Nimejiunga na seva moja ndogo. Wa nyumbani hayupo hata mmoja. Mama yuko WhatsApp na hana mpango wa kutoka. Nimeanza kupandisha mashairi yaliyosalimika kwenye skrinishoti zangu, yako 11. Jana mtu nisiyemjua, wa seva nyingine kabisa, ameuliza kama lipo la 12.