Kilima Mbogo na Maji ya Sabaki



Mvua za masika zinapokolea huko bara, bahari ya Malindi hubadilika rangi. Mto Sabaki huja umebeba udongo, nao ukifika baharini huenea hadi ufuo wa mji mzima ukawa wa rangi ya chai iliyopikwa na maziwa. Mama yangu mzazi alizaliwa karibu na mlango wa mto huo. Tulipokuwa wadogo alizoea kutuambia kwamba Sabaki hutuletea habari za watu wa bara. Ni habari zipi, hakutueleza, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa amefika huko.

Mwezi wa Agosti, watoto walipofunga shule, tulikwenda kumzuru mdogo wangu aliyeolewa Machakos, na safari hiyo mama hakukubali kuachwa nyumbani. Alikuwa na haja moja tu. Alitaka kuuona mto wake mahali ulipo mdogo.

Huu ni mto mmoja wenye majina matatu. Bara huitwa Athi. Ukishapokea maji ya mto Tsavo huitwa Galana. Ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Mama aliposikia hayo garini alicheka, akasema ni kama mwanamke: kwao ana jina lake, akizaa huitwa mama fulani, na mwisho wa umri kila mtu humwita bibi. Tulipanda gari moshi Mombasa, tukateremka stesheni ya Athi River, ambayo imo ndani ya Kaunti ya Machakos. Mama akatazama huku na huku akiutafuta mto. Aliona malori na viwanda vya saruji.

Siku ya pili shemeji alitupakia sote garini asubuhi na mapema, tukashika njia ya Kangundo na Tala kuelekea Ol Donyo Sabuk. Njia hiyo hupanda na kushuka vilima, na kila kilima kimekatwa ngazi. Nasema ngazi kwa sababu sikupata neno jingine: kuanzia chini hadi juu shamba limegawanywa kwa makinga ya udongo yaliyolala sawasawa kukizunguka kilima, hili juu ya lile, na katikati yake mahindi, mbaazi, migomba na kahawa. Mgeni wa pwani, aliyezoea shamba tambarare la minazi, huona ajabu. Shemeji alisema nikitaka kujua habari za makinga yale nimngoje jirani yake jioni, maana yeye ameyachimba kwa mikono yake.

Mlima wenyewe huonekana kutoka mbali, kwa kuwa umesimama peke yake katika nchi ya tambarare. Wamasai waliuita Ol Doinyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Jina lake jingine ni Kilima Mbogo, nalo ni Kiswahili kitupu, kwa kuwa mbogo ni nyati. Binti yangu mdogo alisikia "kilima mboga", akauliza kama huko juu kuna mchicha. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa hapo mwaka wa 1967. Ni ndogo, haizidi kilomita za mraba 21, na karibu yote ni mlima wenyewe pamoja na msitu wake. Kilele kina urefu wa mita 2,145 kutoka usawa wa bahari.

Langoni tulipokelewa na askari wa hifadhi, kijana mpole, aliyetuonya tusitembee kwa miguu bila yeye. Nyati wa mlima ule hawaishi katika makundi ya mbugani mtu anayoweza kuyaona kutoka mbali. Hujificha kichakani kando ya njia, na mtu akiwashtua kwa karibu hakuna mazungumzo. Akaingia garini pamoja nasi, akaketi karibu na mama.

Njia ya kwenda juu ni yapata kilomita tisa. Mwanzo wake ni vichaka vya kawaida na joto la kawaida, halafu msitu hufunga. Miti hukutana juu ya njia, matawi yake yamevaa kuvumwani, na mwangaza huwa wa kijani kama chini ya maji. Watoto waliona mbega, yule mnyama mweusi mwenye shuka jeupe mabegani, akiruka kutoka mti hadi mti. Pongo alisimama njiani, akatutazama, akaenda zake. Nyati hatukumwona, ila alama za kwato zake katika tope na kinyesi kilichokuwa bado kinafuka mvuke. Hapo binti yangu akaacha kuulizia mchicha.

Baridi ilituingia polepole. Agosti huko ni mwezi wa mawingu. Hakuna mvua inayonyesha, lakini ukungu hupita msituni, na kila jani hushika matone yake. Askari alisimamisha gari, akatuambia tunyamaze. Tulisikia msitu mzima ukitiririka: matone kutoka jani hadi jani, kutoka jani hadi ardhini, bila mvua. Akasema mlima usingekuwa na miti ukungu ungepita tu, ukaenda zake. Mama alitoa mkono dirishani, akaukinga chini ya tawi, akajipangusa uso. "Haya masafi," akasema.

Karibu na kilomita ya saba yapo makaburi ya William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyekuwa na ardhi kubwa pande hizo na kumkaribisha Rais wa zamani Theodore Roosevelt mwaka wa 1909. Alifariki mwaka wa 1925. Husimuliwa kwamba alitaka kuzikwa kileleni, lakini chombo kilichobeba jeneza lake kilishindwa kupanda, akazikwa hapo kiliposhindwa. Wasomaji waliofika Nairobi wanalijua jina lake bila ya kujua: maktaba ile yenye simba wa mawe mlangoni, jirani ya Msikiti wa Jamia, ilifunguliwa mwaka wa 1931 kwa ukumbusho wake, na kwa miaka mingi Waafrika hawakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Tuliwarehemu maiti wa Kiislamu popote walipo, tukaendelea.

Kileleni kuna minara ya mawasiliano, nyasi na upepo. Sikutegemea kwamba mlima usiofika hata nusu ya urefu wa Mlima Kenya ungeweza kunifanya nijifunike khanga mbili juu ya buibui. Tulikaa juu ya mkeka karibu saa nzima tukiona weupe mtupu. Halafu wingu likapasuka upande wa kaskazini, na kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai tukauona Mlima Kenya, mita 5,199, na theluji yake kidogo ubavuni. Kisha likafunga tena.

Lakini kwa mama kilichokuwa kikubwa zaidi kilikuwa chini yetu. Askari alimwonyesha kwa fimbo: "Mama, ule mstari wa miti mirefu ndio Athi. Unatoka upande wa Nairobi, unauzunguka mlima huu kwa kaskazini, halafu unageuka kuelekea kwenu." Kisha akaonyesha mji wa Thika kwa mbali, akasema mto wa Thika hauendi Athi. Huo huenda Tana, ambayo huingia baharini kule Kipini. Nilishangaa. Mito miwili mikubwa inayolisha pwani yetu ya kaskazini inakaribiana hapo kiasi cha kuonekana kutoka kilele kimoja, halafu kila mmoja unashika njia yake mamia ya kilomita, mmoja kwa watu wa Tana na mwingine kwetu. Mama alitazama mstari ule wa miti hadi ukungu ukaufunika. Hakusema kitu.

Tuliposhuka, adhuhuri ilikuwa imekwisha kuingia. Mama akataka tukaswali kando ya mto, atie udhu kwa maji ya Athi. Shemeji alisita, nikaona amesita, lakini nani angemkatalia? Akatupeleka kwenye maporomoko yaliyo karibu na mlima, ambayo Wazungu waliyaita Fourteen Falls kwa kuhesabu mikondo kumi na minne inayoanguka. Maji huanguka yapata mita 27, na sauti yake huisikia kabla ya kuyaona. Ni mahali pazuri mno. Vijana huruka kutoka mwambani kwa ujira mdogo, na wenye mashua huvusha wageni.

Ila Agosti mto una maji machache, na juu kidogo ya hapo Athi hupokea Mto Nairobi, na Mto Nairobi hupita katikati ya jiji la mamilioni ya watu na kuchukua yanayotupwa humo. Chini ya maporomoko palikuwa na povu jeupe, zito kama la sabuni ya kufulia, linazunguka katika vidimbwi. Harufu ilitufikia kabla hatujateremka. Chupa za plastiki zilijipanga ukingoni.

Mama aliinama, akachota maji kwa kiganja. Akayatazama, akayanusa. Kisha akayamwaga, akasimama muda mrefu mkono wake umelowa, hajui aupanguse wapi.

Tulisomeshwa sote chuoni: maji huangaliwa rangi, tamu na harufu. Yakibadilika kwa udongo wa njia yake, kama yalivyo maji ya Sabaki wakati wa masika, bado ni tohara na humtoharisha mtu. Yakibadilika kwa najisi hayafai. Mama ametia udhu kwa maji ya Sabaki yaliyo mekundu maisha yake yote, na babu zake kabla yake, wala hakuona tatizo. "Wekundu haukunitisha kamwe," akasema. "Wekundu ni udongo. Haya ni vyoo vya watu." Tukatia udhu kwa maji ya chupa tuliyonunua Tala, chupa moja kwa watu watatu. Tukaswali juu ya mwamba, adhuhuri na alasiri pamoja kwa kuwa sisi wasafiri, na sauti ya maji mengi masikioni mwetu.

Naandika haya kwa sababu nyumba nyingi zinazosoma gazeti hili hunywa mto huu. Maji ya bomba ya Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa hutoka visima vya Baricho, vilivyochimbwa kando ya Sabaki. Mchanga wa huko huyachuja, na njiani mto huongezewa maji ya Tsavo yatokayo chemchemi za Mzima, kwa hiyo sisemi kwamba linalomwagwa Nairobi jioni linafika kikombeni kwako asubuhi. Nasema tu kwamba mama yangu aliyanusa, akayamwaga, na kwamba jiji lililoyatia povu halituoni sisi tulioko mwisho wa mto. Hata mimi ambaye nina jamaa Nairobi, nikienda kwao na kumwaga ndoo ya maji ya kufulia mferejini, sikupata hata mara moja kufikiri kwamba namwagia upande wa mama.

Jioni alikuja yule jirani, mwanamke wa Kikamba wa rika la mama, ameleta maziwa ya mgeni. Walikaa ukumbini wakizungumza, Kiswahili cha Malindi na Kiswahili cha Machakos, kila mmoja akimrekebisha mwenziwe kwa heshima. Alieleza kwamba mashamba yao yaliharibika zamani. Mvua ilichukua udongo hadi ardhi ikabaki mifupa. Wakoloni katika miaka ya 1930 waliitangaza nchi hiyo kuwa imekwisha, wakataka kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu, na mwaka wa 1938 Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kudai mifugo yao.

Waliookoa ardhi, alisema, walikuwa kina mama wa mwethya. Mwethya ni chama cha kusaidiana: leo shamba lako, kesho langu, majembe ishirini, na nyimbo. Njia yao huitwa fanya juu, kwa Kiswahili hichohicho, hata katika vitabu vya wataalamu wa nchi za mbali. Huchimbwa mfereji kukizunguka kilima, na udongo wake hurushwa upande wa juu uwe kinga. Mvua hujenga ngazi yenyewe mwaka hadi mwaka. Watafiti walioichunguza Machakos kutoka mwaka wa 1930 hadi 1990 walikuta watu wameongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko umepungua. Kurusha udongo juu ni kazi nzito kuliko kuurusha chini. Mtu yeyote aliyeshika jembe anaijua.

"Kwa hivyo ule mwekundu unaotufikia," mama akauliza, "ni ule uliowashinda?"

Jirani akacheka hadi akajifuta machozi. "Ni ule uliotutoroka, dada. Mwingine mwingi tumeushika." Kisha akauliza bahari huufanya nini udongo wake. Mama akamweleza kwamba huusukuma tena ufukoni, kwamba ufuo wa Malindi umepanuka, na siku hizi mtu akitaka kuoga hutembea mchangani kwa muda kabla ya kuyafikia maji. Yule mama akatikisa kichwa. Shamba lake liko huko, akasema, na hajawahi hata kuliona.

Asubuhi ya kuondoka alituletea mfuko wa mbaazi kavu za ngazi zake, mzito kiasi cha kubebwa na watu wawili. Mama hakukubali uwekwe chini ya viti vya gari moshi. Aliupakata mapajani hadi Mombasa. Tumezila Ijumaa tatu mfululizo, kwa tui zito na mahamri, na bado zimebaki.