Safari ya Goa Nyuma ya Serengeti Girls

Tarehe 5 Juni, 2022, katika uwanja wa Amaan, Unguja, wasichana wa Tanzania wasiozidi umri wa miaka 17, waitwao Serengeti Girls, waliifunga Kameruni bao moja kwa bila, wakiwa wamekwisha kuishinda kwao Yaoundé mabao manne kwa moja, na kwa ushindi huo wakaifungulia nchi mlango ambao hakuna timu yake nyingine ya kandanda, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imepata kuupita hadi siku ile, yaani mlango wa fainali za Kombe la Dunia. Nami niliyekuwa miongoni mwa hadhira ya siku ile nikatia nia ya kuwafuata hadi Bara Hindi, kwani mashindano yalipangwa yachezwe mwezi wa Oktoba katika miji mitatu ya huko, Bhubaneswar, Navi Mumbai na Margao ulioko Goa, baada ya yale ya mwaka 2020 kuahirishwa na hatimaye kufutwa kwa sababu ya maradhi ya korona.

Wahenga wetu waliosafiri Hindi kwa majahazi walingoja kusi iwapeleke na kaskazi iwarudishe. Mimi nilipanda ndege Dar es Salaam, na kabla sijamaliza kuutafakari upana wa bahari iliyokuwa chini yangu nikawa niko Mumbai. Kutoka hapo nikachukua garimoshi la reli ya Konkan, iliyokamilika mwaka 1998, ipitayo baina ya bahari na milima ya Sahyadri, ikitoboa majabali kwa mahandaki na kuivuka mito kwa madaraja marefu. Na kila tulipotoka gizani nikaona udongo mwekundu, minazi, mashamba ya mpunga, na mikorosho ambayo Wareno waliitoa Brazili wakaipanda huku na kwetu pia, hata lau si maandishi ya vituoni ningalidhani niko katika mrima wa Tanga.

Mchezo wa kwanza ulikuwa tarehe 12 Oktoba, katika uwanja wa Fatorda, Margao, na Wajapani, waliokuwa mabingwa wa mwaka 2014, wakatufunga mabao manne bila ya sisi kupata hata moja. Sina mengi ya kuusimulia, ila kwamba mpira wa Wajapani ulikwenda upesi kuliko miguu yetu, na kwamba wachache tuliovaa rangi za Tanzania tulitoka uwanjani kimya.

Katika siku za mapumziko nilikwenda Goa ya Kale, iliyokuwa kitovu cha ufalme wa Wareno katika bahari yetu yote, Mombasa ikiwa chini yake. Hapo pana magofu ya kanisa la Mtakatifu Augustino, ambayo sehemu ya mnara wake ingali imesimama, nami nikasimama mbele yake nikimkumbuka Yusuf bin Hasan wa Mombasa, ambaye baba yake alipouawa yeye mwenyewe aliletwa Goa angali mtoto, akalelewa na mapadri wa Augustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa kwao kukalishwa kitini, na mwaka 1631 akawaasi walezi wake akaitwaa Ngome ya Yesu. Yeye hakuulizwa radhi yake alipoletwa, ilhali mabanati wetu wamekuja kwa jitihada zao. Walakini moyoni mwangu ilithubutu rai moja ambayo sijaiacha tangu siku hiyo, nayo ni kwamba mtoto apelekwaye ng'ambo kwa jina la nchi huwa ana haki juu ya nchi hiyo, na haki hiyo haiishi kwa kumpigia makofi uwanja wa ndege.

Tarehe 15 tukakutana na Ufaransa, mabingwa wa mwaka 2012. Kando yangu aliketi mzee mmoja Mgoa, mzaliwa wa Unguja, ambaye nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba kwa lafudhi safi ya Mji Mkongwe. Diana Mnally alipotia bao la kwanza, mzee yule alinishika mkono asiuachie; Christer Bahera alipoongeza la pili kwa penalti, akaniambia, "Mwanangu, waambie wazee wa hawa mabinti kwamba wamezaa." Wafaransa wakarudisha moja, na dakika zilizosalia zikawa nzito mno, lakini walinzi wetu walisimama imara, na mwalimu Bakari Shime akawaita na kuwahimiza kutoka pembeni mpaka kipenga cha mwisho kilipolia. Hivyo ndivyo tulivyopata ushindi wetu wa kwanza katika Kombe la Dunia.

Nikawafuata Navi Mumbai, ambako sare iliwatosha kuvuka, na sare wakaipata kwa Kanada, bao moja kwa moja; kisha tukarejea Goa, ambako nyumba za Wahindu zilikuwa zimekwisha kutundika taa za Diwali. Huko, tarehe 22, katika robo fainali, Kolombia ilitufunga mabao matatu kwa bila. Kwao alikuwamo Linda Caicedo, ambaye tangu umri wa miaka 14 alikuwa akicheza ligi ya wanawake wazima, na ambaye Julai ya mwaka uleule alikuwa ametajwa mchezaji bora wa Copa América ya wakubwa. Nilipomtazama sikuona kipaji ambacho Mungu ametunyima sisi. Niliona wingi wa michezo tangu utotoni, na watu wazima waliohakikisha kwamba michezo hiyo ipo. Kolombia ikaendelea hadi fainali ya tarehe 30, ikafungwa na Hispania bao moja tu.

Miaka miwili baadaye wasichana wa Kenya nao walifika mashindano hayohayo, yaliyochezwa Jamhuri ya Dominika, wakaifunga Meksiko mabao mawili kwa moja. Na tangu mwaka 2025 mashindano haya yanachezwa kila mwaka kwa timu 24 badala ya 16. Nafasi, basi, imepanuka. Kwa hiyo nawasihi wazazi wasimzuie binti anayependa mpira, walimu wasimlazimishe kuchagua baina ya kiwanja na daftari, na wenye mamlaka ya kandanda waweke ligi za wasichana katika kila wilaya, zenye ratiba, waamuzi na nauli, kabla ya kudai makombe. Wasichana wetu wametimiza wajibu wao kule Goa. Uliobaki ni wetu.