Nyumba Iko Kinindo, Fedha Ilipita Wapi?

Mgeni anayenunua nyumba Bujumbura hufika mezani kwangu akiwa amechelewa. Nyumba ameshailipa, funguo ziko mfukoni, mpangaji ameshahamia, na sasa anataka akaunti ya kupokelea pango. Kazi yangu benki ni kufungua akaunti za watu wasioishi nchini, na neno ninalowaambia wote ni moja: akaunti hutangulia, nyumba hufuata. Fedha ya kununulia nyumba ipite kwenye akaunti hiyo, iache alama. Sisemi hivi kwa kuitafutia benki amana. Nimeshuhudia watu waliouza nyumba nzuri kwa bei nzuri wakabaki na mamilioni ya faranga wasiyoweza kuyavusha daraja la Rusizi, kwa sababu hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba waliwahi kuingiza fedha nchini.

Wengi wao ni Wakongomani wa Uvira. Kutoka kwao mpaka kwetu si mbali: Kavimvira, Gatumba, daraja, na mji umeanza. Wapo wa Bukavu, wapo Waha na Wamanyema wa Kigoma, wapo Warundi wenzetu wenye pasipoti za Ubelgiji na Kanada, na mara mojamoja huja mtu kutoka Maskati ambaye babu yake alikuwa na duka mtaa wa Waasia tangu mji ukiitwa Usumbura. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, ndiyo maana wanaozungumza Kiswahili huletwa kwangu. Mzee akishaniuliza natoka avenyu ya ngapi na baba yangu ni nani, mazungumzo hufunguka. Lakini udugu huo haupunguzi karatasi kwenye faili, na hilo namwambia mapema ili asije akahisi nimemgeuka.

Tunaanza kwa kutazama mtu anaishi wapi. Uraia unafuata baadaye. Mrundi aliyehamia Brussels, kwa macho ya benki, ni mtu asiyekaa nchini. Mkongomani mwenye duka Bwiza na kibali cha kuishi ni mkaazi kama mimi. Mtu akilielewa hilo, nusu ya ubishi imekwisha, maana wengi hudhani nawabagua kwa pasipoti. Kisha ninaomba hati miliki, au mkataba wa mauziano uliopita kwa notari ikiwa hati bado inashughulikiwa. Uthibitisho wa anakoishi. Na namba ya mlipa kodi kutoka OBR, mamlaka ya mapato iliyoundwa mwaka 2009, kwa sababu pango ni mapato na mapato yana kodi. Wa Uvira wengi huvuka kwa karatasi za mpakani tu, baadhi kwa ile hati ya CEPGL, jumuiya ambayo Burundi, Rwanda na Zaire ziliiunda mwaka 1976. Inawavusha vizuri. Lakini kwenye faili langu nahitaji pasipoti.

Halafu linakuja swali wasilolipenda: fedha hii umeipata wapi? Burundi ina sheria dhidi ya utakatishaji wa fedha tangu mwaka 2008, na benki haina hiari katika hilo. Mtu akijibu "biashara" na kunyamaza, namwomba aendelee. Biashara ya nini? Vitenge, ndagala, saruji, dhahabu? Akisema dhahabu, na anatoka Kivu Kusini, lazima nimuulize imechimbwa wapi na imeuzwa kwa nani, na najua wakubwa wangu watauliza tena. Simuulizi kwa kumshuku. Namuuliza kwa sababu jibu lililoandikwa leo, kwa utulivu, akiwa amekaa na chai mkononi, ndilo litakalomtetea siku ambayo benki ya ng'ambo itataka maelezo ndani ya saa chache.

Ila kinachochelewesha faili kuliko chochote ni majina. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na watu wa Zaire wakaandikwa kwa majina ya asili peke yake. Mzee aliyenunua kiwanja Bujumbura miaka ya 1980 yumo kwenye hati miliki kwa majina mawili ya kwao. Leo pasipoti yake ya Kongo ina majina matatu, la ubatizo likiwa limerudi, na pengine herufi moja imebadilika njiani. Upande wetu nako kuna lake: Mrundi kwa desturi hapewi jina la baba. Kila mtoto ana jina lake, kwa hiyo ndugu wanne wa tumbo moja wakirithi nyumba wanakuja na majina manne yasiyofanana, na karani wa Ulaya anayepitia faili hawezi kuamini kwamba hao ni wa familia moja. Wa kutoka Oman ndio kabisa: bin fulani bin fulani kwenye hati ya zamani, na ukoo peke yake kwenye pasipoti mpya. Dawa yake ni hati ya kuthibitisha kwamba majina haya na yale ni ya mtu mmoja, iliyosainiwa na mamlaka ya kwao na kutambuliwa hapa. Ni kazi ya kuzunguka maofisini, na ni nyepesi sana ikifanywa na mwenyewe akiwa hai. Nimewaona watoto wakiifanya baada ya mzazi kufariki, wanazeeka nayo.

Wateja wa Kigoma wana dhana yao. CRDB ya Tanzania ilifungua benki yake Burundi mwaka 2012, na KCB ya Kenya nayo ikafika mwaka huohuo, kwa hiyo mtu mwenye akaunti Kigoma huona kwamba tayari ana akaunti Bujumbura. Jina juu ya mlango ni lilelile, ni kweli. Lakini hii ya hapa ni kampuni ya Burundi, iko chini ya Benki Kuu ya hapa, BRB, na inafuata kanuni za fedha za kigeni za hapa. Atafunguliwa faili upya. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo tuliingia mwaka 2007, imerahisisha safari ya mtu. Ardhi na fedha bado kila nchi imezishikilia kwa sheria zake.

Mkongomani ana mazoea mengine, na haya huwa magumu zaidi kuyaondoa. Kwao dola ni fedha ya kila siku. Unaweka dola benki, unatoa dola, unalipa dola sokoni, mradi noti isiwe imechanika pembeni. Anapofika kwetu huomba akaunti ya dola akitarajia mambo yaleyale. Akaunti ya fedha za kigeni inawezekana, lakini Burundi dola ni bidhaa adimu tangu msukosuko wa kisiasa wa mwaka 2015, na hasa baada ya Umoja wa Ulaya kusitisha misaada yake ya moja kwa moja kwa serikali mwaka 2016. Salio lililoandikwa kwa dola na noti za dola mkononi ni vitu viwili. Pango nalo, hata kama bango la nyumba ya mtaa wa Kinindo au Kiriri limetaja dola, mara nyingi litaingia kwa faranga, na faranga haigeuki dola kwa sababu tu mwenye nyumba anaishi nje.

Ndipo tunaporudi kwenye ile alama. Mtu akiniletea ombi la kupeleka nje fedha ya nyumba aliyouza, swali la kwanza ni fedha ya kuinunua iliingia lini, kwa njia gani, kupitia benki ipi. Mwenye karatasi ya uhamisho wa awali, yenye tarehe, kiasi na sababu, naweza kulisimamia ombi lake. Nitamwambia ukweli pia kwamba atasubiri, kwa maana kibali si sawa na dola zenyewe. Asiye na karatasi sina pa kuanzia.

Kwa hiyo namwelekeza tangu mwanzo namna ya kutuma. Dola inayotoka Kongo kuja Bujumbura kwa benki haifuati barabara ya Rusizi. Inapita kwenye vitabu vya benki wakala, mara nyingi New York. Huko Marekani, Rais Barack Obama aliweka vikwazo dhidi ya baadhi ya viongozi wa Burundi Novemba 2015, na Joe Biden akaviondoa Novemba 2021. Vililenga watu kwa majina, lakini kwa miaka yote hiyo jina la nchi yetu kwenye ujumbe wa malipo lilitosha kuzua maswali kwa watu wasio na hatia yoyote. Mpaka leo nawasihi wateja: pale pa sababu usiandike "msaada wa familia" kwa kuwa ni rahisi. Andika kununua nyumba, taja kiwanja, taja jina la muuzaji kama lilivyo kwenye mkataba. Jina la anayetuma liwe lilelile la pasipoti, herufi kwa herufi.

Najua ninachowaomba kina gharama, na ingekuwa kukosa uaminifu kuificha. Fedha ikiingia kwa benki hubadilishwa kwa kiwango rasmi. Kabla ya Mei 2023 dola rasmi ilikuwa kama faranga 2,000 na kidogo, mtaani ikipita 3,000. Mwezi huo BRB ikashusha thamani ya faranga, dola ikawa karibu 2,800. Mtaa nao haukungoja, ukapanda tena mpaka zaidi ya mara mbili ya kiwango rasmi. Mnunuzi akipiga hesabu anaona kwamba kwa kupita benki atanunua nyumba ndogo, na kwa kupita Gatumba na bahasha atanunua kubwa. Siwezi kumwita mjinga anayechagua bahasha. Lakini hesabu yake imeishia siku ya kununua. Hakuhesabu siku ya kuuza, wala siku ya kurithisha, wala siku mamlaka zitakapomuuliza. Mtu anayenunua ili aje kuishi hapa na kuzikwa hapa pengine anaweza kubeba hatari hiyo. Anayenunua akikusudia siku moja kuondoka na thamani yake, kwa maoni yangu, hawezi.

Juni 2023 ilituonyesha ubaya mwingine wa fedha isiyo na akaunti. BRB ilitangaza kuziondoa noti za 5,000 na 10,000 za toleo la Julai 2018 na kutoa siku kumi za kuzirudisha kupitia benki. Wenye nyumba walio mbali walikuwa na wapwa na wadogo zao waliokuwa wakikusanya pango na kulihifadhi kabatini, kwa uaminifu kabisa, wakingoja mwenyewe aje. Simu ziliita kutoka Kigoma, kutoka Brussels. Kila mmoja alitaka nimfungulie akaunti akiwa hukohuko, bila pasipoti mbele yangu, bila saini. Foleni zilifika barabarani. Waliokuwa na akaunti waliweka na kurudi kazini.

Kisha ng'ambo, Kongo, Goma ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Benki za miji hiyo zikafunga milango. Watu waliokuwa na akiba halali, wafanyabiashara, walimu wa vyuo, madaktari, walivuka Rusizi na kuja kwetu wakiwa na kadi za benki zisizotoa kitu. Baadhi yao walikuwa wateja wangu wa miaka mingi, wenye nyumba Kinindo au Kibenga. Mama mmoja alikaa kwenye kiti kilekile alichokalia siku aliyosaini fomu, na nikafungua salio lake: pango la muda mrefu, kwa faranga, lote lipo. Hakuhitaji dola. Alihitaji unga, dawa za mumewe, na ada ya watoto hapa hapa Bujumbura, na faranga ndizo zilizokuwa zikihitajika. Wengine walikuwa na nyumba lakini pango likikusanywa na msimamizi, wakakuta limeshaliwa, au msimamizi hapatikani kwenye simu. Nyumba zao zilikuwa na wapangaji wenye mikataba, wenyewe wakalala kwa jamaa. Tangu wakati huo siwezi kuzungumzia akaunti hizi kwa sauti ya karani.

Kuhusu msimamizi, basi. Kila mwenye nyumba aliye mbali anamhitaji mtu: wa kumlipa mlinzi, kuziba bati, kupeleka kodi OBR. Hati ya uwakilishi ni jambo jema ikiwa na mipaka. Naipenda ile inayosema anaweza kuweka fedha bila kikomo, kutoa mpaka kiasi fulani kwa mwezi kwa ajili ya matengenezo na kodi, na hawezi kuuza wala kufunga akaunti. Mpwa akichukia mipaka hiyo mbele yangu, huwa namwangalia mjomba na kumwachia aamue. Na uwakilishi huo hukoma siku mwenye mali anapofariki. Familia nyingi hazilijui hilo. Mpwa huja wiki ileile na kitabu cha hundi, na mimi napaswa kumwambia pole kwanza, kisha nimwambie kwamba akaunti imesimama mpaka warithi watambuliwe na mahakama.

Ndiyo sababu siku ya kufungua faili naomba vitu viwili ambavyo fomu haidai: majina ya mke, mume na watoto kama yalivyo kwenye vyeti vyao, na namba mbili za simu za nchi mbili tofauti. Pasipoti ikikaribia kuisha nataka nakala ya mpya kabla ya tarehe, kwa kuwa faili lenye pasipoti iliyokwisha hufungiwa, na kulifungua tena mtu akiwa nje huchukua muda ambao pengine hana.